Jino la akili linauma: kulilea au kuling'oa?

Nilimeza dozi tatu za antibayotiki kwa jino moja, ndani ya miezi kumi na mmoja. Kila mara ilikuwa hivyo hivyo: fizi ya nyuma kabisa, chini kulia, inavimba, mdomo haupanuki hata kijiko cha uji kikapita vizuri, naenda duka la dawa, napewa amoksilini na metronidazo, siku ya tatu natafuna, siku ya tano nimesahau. Mara ya nne nilikwenda kwa daktari wa meno. Alipiga picha, akaniita niitazame kwenye skrini, akaonyesha kwa ncha ya kalamu. Jino la akili lilikuwa limelala mshazari, limemwegemea jirani yake kama abiria aliyesinzia kwenye daladala. Pale yalipogusana palikuwa na kivuli cheusi.

"Hili ndilo unaloliuguza miezi yote hiyo," akasema. "Lakini linalooza ni hili la mbele yake, dada yangu. Na hili ulikuwa unalihitaji."

Kaka yangu, aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka mitatu, anayo meno ya akili yote manne. La chini kushoto lilimsumbua wiki mbili alipokuwa chuoni, likasafishwa, likamalizia kutoka, na mpaka leo anamenyea muwa. Baba mmoja, mama mmoja, sufuria moja, na bado majibu yetu yametofautiana. Ukiuliza mtaani kama jino la akili ling'olewe au liachwe, utapewa jibu la jino la yule uliyemuuliza. Hapa nataka kukusaidia upate jibu la jino lako.

Kwanza, limekaaje?

Magego haya ya mwisho hutoka kati ya miaka 17 na 25, wakati taya limeshagawa nafasi zake zote. Wengi wanayo manne, wengine mawili, na wapo wasio na hata moja. Nafasi ikiwepo, jino linachomoza wima, fizi inauma siku chache, basi linajipanga na wenzake. Nafasi isipokuwepo linakwama. Laweza kuinamia mbele na kumgonga jirani, na hali hii ndiyo inayoonekana zaidi. Laweza kulala kabisa, kuegemea nyuma, au kubaki limezikwa ndani ya mfupa bila mwenyewe kujua.

Lenye vurugu kuliko yote ni lililotoka nusu, hasa la chini. Kichwa chake kimechungulia upande mmoja, upande wa pili umefunikwa na kipande cha fizi kama kofia. Chini ya kofia hiyo zinaingia punje za wali na nyuzi za nyama, na mswaki haufiki. Fizi inavimba. Ikishavimba, jino la juu linaanza kuiuma kila unapofunga mdomo, nayo inazidi kuvimba. Ndipo inapokuja ile harufu, ladha ya usaha, tezi za chini ya taya, na taya lenyewe kukaza. Watu wengi wanaosema jino la akili linawauma, kinachouma hasa ni fizi hii. Jino lenyewe laweza kuwa zima kabisa. Fizi inatibika bila kung'oa kitu. Ila jino likiwa halina pa kusogea, kofia itabaki pale pale, na ugonjwa utarudi.

Washa tochi ya simu, simama mbele ya kioo, panua. Ukikiona kichwa chote cha jino na mswaki ukafika mpaka nyuma yake, una sababu nzuri ya kulilea. Ukiona nundu moja tu imejitokeza, au huoni kitu lakini panauma, kioo hakikutoshi, inatakiwa eksirei. Inayofaa zaidi ni ile kubwa inayochukua taya zote mbili kwa pamoja, hospitalini huiita OPG. Ile ndogo ya jino moja moja mara nyingi haifiki nyuma yote, wala haionyeshi vizuri mfereji wa neva ya taya la chini ulivyopita karibu na mizizi. Mimi nilitumia fedha kwenye dawa mara tatu kabla ya kuitumia kwenye picha mara moja. Ungeniuliza leo, ningeanza na picha.

Kulilea na kuling'oa, bega kwa bega

Kulilea ni kazi. Daktari anaosha chini ya ile kofia kwa maji ya chumvi au dawa ya klorheksidini mpaka uchafu utoke. Pengine anaikata kofia yenyewe, ingawa mara nyingi huota tena. Pengine anang'oa jino la juu linaloiuma fizi, na hilo peke yake laweza kuleta nafuu kubwa. Nyumbani unasukutua maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, unatafuta mswaki wenye kichwa kidogo na kuufikisha nyuma kabisa hata pakiuma, na unarudi kuangaliwa. Faida yake ni kubwa: huna kidonda, hupotezi siku za kazi, neva haiguswi. Kaka yangu hakukosa hata kipindi kimoja darasani. Gharama yake ni uangalizi wa miaka, na kwa jino lisilofikika kwa mswaki uangalizi huo hauwezekani hata ukiapa.

Kuling'oa kunamaliza chanzo. Unalipa kwa kidonda ndani ya mfupa, siku tatu za uso uliovimba, wiki ya vyakula laini, na hatari chache ambazo nitazieleza.

Umri nao una uzito wake. Kwa kijana wa miaka 20 mizizi mara nyingi haijakamilika na mfupa bado una ulaini. Jino linatoka kwa urahisi zaidi na kidonda kinapona haraka. Ukishavuka 30 mizizi imekomaa, mfupa umekuwa mgumu, na kila kitu kinakwenda polepole. Kwa hiyo kusubiri "mpaka liniudhi kweli" kuna bei yake. Hata hivyo bei hiyo haitoshi kumpeleka mtu kung'olewa jino ambalo halina ugonjwa.

Jambo hili limewagawa hata wenye madaktari tele. Uingereza, taasisi yao ya NICE, inayotunga miongozo ya matibabu, ilitoa mwongozo mwaka 2000 kwamba jino la akili lililokwama lakini lisilo na ugonjwa lisitolewe. Marekani desturi imeelekea upande wa pili, vijana wengi hutolewa kabla halijauma hata moja. Jopo la Cochrane, linalokusanya tafiti na kuzipima pamoja, limeliangalia swali hili zaidi ya mara moja na halikupata ushahidi wa kutosha wa kusema kutoa ni bora kuliko kuacha, wala kuacha kuliko kutoa, pale jino lisipokuwa na ugonjwa. Ukiwa na ndugu Marekani anayekwambia yatoe yote, na mwingine London anayekwambia yaache, kila mmoja anakueleza alichokiona kwao.

Ndani ya mwongozo ule wa Uingereza mna jambo moja ninalotamani ningelijua mapema. Fizi ya jino la akili ikivimba mara ya kwanza, isipokuwa iwe imevimba vibaya sana, hiyo si sababu ya upasuaji. Ikivimba mara ya pili, ni sababu. Ukali wa maumivu ya usiku wa leo peke yake si kipimo. Kaka yangu aliumwa vikali, mara moja, yakaisha. Mimi niliumwa kwa wastani, mara nne, na jino la jirani likaoza.

Basi mizani ninayoitumia ni hii. Ning'oe kama fizi imerudia kuvimba, kama jino limeoza na halizibiki, kama linamla jirani, au kama picha inaonyesha mfuko wa majimaji umejijenga kulizunguka. Nililee kama limetoka wima na linasafishika. Na lile lililozikwa kimya ndani ya mfupa wa mtu mzima, mizizi yake imeikaribia neva na halijawahi kumsumbua mtu, ningeliacha lilipo na kulipiga picha mara moja moja.

Cha kupooza usiku huu

Shangazi yangu yuko Wete, Pemba. Usiku mmoja nilimpigia simu nikiwa nimeshika shavu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Tia karafuu hapo, uiume taratibu."

Niliichukua moja kavu, nikaikalisha juu ya gego, nikaibana. Mwanzo inawaka, mate yanajaa, halafu ganzi ndogo inaanza kwenye fizi na kutambaa mpaka pembeni mwa ulimi. Mafuta ya karafuu yamejaa kemikali iitwayo yujenoli, na madaktari wa meno wenyewe wanaitumia hadi leo katika dawa za kupachika. Karafuu kavu ya jikoni ni msaada wa kweli kwa saa moja au mbili. Mafuta ya chupa ni mambo mengine: ukiyapaka bila kuyapunguza yanaunguza fizi, na mtoto akiyameza ni hatari.

Kati ya panadol na ibuprofeni, kwa maumivu ya jino la akili ibuprofeni ina nguvu zaidi. Tafiti zilizofanywa kwa watu waliotoka kung'olewa meno haya zilionyesha miligramu 400 za ibuprofeni zinapita 1000 za parasetamo, yaani panadol, na zikinywewa pamoja zinapooza zaidi kuliko mojawapo peke yake. Lakini mwenye vidonda vya tumbo, mwenye matatizo ya figo, mwenye pumu inayochokozwa na dawa za aina hiyo, na mjamzito, abaki na panadol, isizidi miligramu 4000 kwa saa 24, yaani vidonge vinane vya 500. Aspirini usiiweke juu ya fizi kama wengi wanavyofanya. Haipoozi kwa kugusa, inababua.

Kuhusu antibayotiki nina uchungu nazo, kwa sababu zilinidanganya. Zinapunguza vijidudu, uvimbe unashuka, unajiona umepona. Kofia ya fizi haijaondoka, uchafu chini yake haujaondoka, jino halijasogea hata kidogo. Zina mahali pake: homa, uvimbe unaosambaa, taya lililokaza, na hata hapo huenda pamoja na kusafisha, si badala yake. Dozi zangu mbili za mwisho hazikuwa na kazi nyingine ila kunichelewesha.

Tena kuna hali ambayo haina kulinganisha. Uvimbe ukishuka chini ya taya au shingoni, ulimi ukahisi umenyanyuliwa, ukashindwa kumeza mate yako mwenyewe, sauti ikabadilika au pumzi ikabana, nenda hospitali kubwa usiku huo huo. Mizizi ya magego ya chini iko karibu na nafasi zinazofika kooni, na usaha ukiingia huko unaweza kuziba njia ya hewa. Duka la dawa lipite tu.

Ukishaamua kung'oa

Bado yapo machaguo, na hapa watu wengi hukaa kimya kwenye kiti wakisubiri kuamuliwa.

Jino la juu lililotoka wima, au la chini lililo nje lote, daktari wa meno wa kawaida analitoa kwa koleo kwa dakika chache. Lililolala au kuzikwa ni upasuaji: fizi inapasuliwa, mfupa kidogo unachongwa kwa mashine, jino linakatwa vipande na kutolewa kimoja kimoja, kisha nyuzi. Hiyo ni kazi ya daktari aliyeizoea, na likiwa gumu ni ya bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya. Dar es Salaam wapo Muhimbili, na hospitali zinazofundisha madaktari wa meno Nairobi na Kampala wanao pia. Uliza bila haya: "Hili unalitoa kwa koleo au kwa kupasua? Umeshatoa mengi ya namna hii?" Daktari mzuri hakasiriki.

Ganzi au usingizi? Kwa jino moja au mawili, ganzi inatosha, na mimi ningeichagua tena. Mdomo unakuwa mzito kama wa mtu mwingine. Unachokisikia ni msukumo na sauti, na sauti ndiyo inayotisha: jino lilipokatwa nilisikia mlio ndani ya sikio kama mfupa wa kuku unavunjwa, bila maumivu yoyote. Nilikuwa nimekunja vidole vya miguu ndani ya viatu kwa hofu ya maumivu ambayo hayakuja. Usingizi kamili unataka chumba cha upasuaji, mtaalamu wa usingizi, kufunga kula, mtu wa kukurudisha nyumbani, na fedha zaidi. Unamfaa mwenye meno kadhaa yaliyozikwa, au mwenye hofu isiyomruhusu kukaa kwenye kiti. Mwenye selimundu, moyo, kisukari, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, aseme mapema, kwa njia yoyote atakayochagua.

Yote kwa mkupuo au upande mmoja mmoja? Yote pamoja unaumwa mara moja na kuomba ruhusa kazini mara moja. Upande mmoja unabaki na upande wa kutafunia. Kama ni kwa ganzi, ninapendelea upande mmoja, juu na chini kama yote mawili yanastahili kutoka, kisha upumzike miezi kadhaa.

Halafu neva. Neva ya taya la chini, au ile ya ulimi inayopita jirani, ikiumizwa wakati wa kutoa jino la chini, mdomo wa chini, kidevu au ulimi vinaweza kubaki na ganzi baada ya upasuaji. Kwa wengi hisia hurudi ndani ya wiki au miezi. Kubaki hivyo moja kwa moja ni nadra, chini ya mtu mmoja kwa mia. Picha ikionyesha mizizi na mfereji vimekaribiana mno, uliza habari ya kukata kichwa cha jino tu na kuiacha mizizi ilale ndani ya mfupa. Njia hiyo ipo, na wagonjwa wengi hawaambiwi. Ama ile hofu kwamba jino la juu likitolewa macho yanaharibika, iweke kando. Neva ya kuonea haipiti kwenye meno.

Fedha zitofautishwe pia. Kung'oa kwa kawaida na kung'oa kwa upasuaji ni bei mbili, na kwenye bima huweza kuandikwa kama huduma mbili. Taka jumla kabla ya siku: picha, jino, nyuzi, dawa, na siku ya marudio.

Siku zinazofuata

Saa ya kwanza unauma shashi, kile kitambaa chembamba cha kuzuia damu, nusu saa hadi saa nzima, bila kuifunuafunua kuangalia. Siku nzima hutemi kwa nguvu, husukutui, hunywi kwa mrija, huvuti sigara. Damu inayoganda kwenye shimo ndiyo bandeji yako. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa huwekwa nje ya shavu. Baada ya saa 24 unaanza maji ya chumvi, taratibu, unayaacha yamwagike yenyewe. Uvimbe hukua mpaka siku ya pili au ya tatu, usiogope, halafu unashuka.

Mimi usiku wa kwanza nilichukizwa na ladha ya damu, nikasukutua kwa nguvu zangu zote. Siku ya nne maumivu yaliyokuwa yanapungua yalipanda upya, yakaingia sikioni, na mdomo ukanuka. Damu iliyoganda ilikuwa imetoka na mfupa umebaki wazi. Hali hiyo hutokea zaidi kwenye magego ya chini, kwa wavutaji, na kwa wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango. Panadol haikufua dafu. Nilirudi, shimo likaoshwa, likapachikwa kitambaa chembamba chenye dawa ya kahawia, na kabla daktari hajamaliza nilisikia harufu ya ghalani kwa shangazi. Yujenoli. Maumivu yalikwisha nikiwa bado kwenye kiti.

Chakula changu kilikuwa mtori uliopoa, viazi vya kuponda, mtindi, uji wa ulezi. Wali niliuacha mpaka wiki ya pili, punje zinapenda lile shimo. Kazini nilikosa siku tano. Bila kile kisa cha kusukutua zingekuwa tatu.

Jino la jirani liliokolewa kwa kuzibwa, kwa shida. La kushoto bado ninalo. Picha ile ile inaonyesha limeinama mbele kama lilivyokuwa la kulia, limetoka nusu, limeshamgusa mwenzake, ila kivuli cheusi hakipo. Fizi yake haijawahi kuvimba hata mara moja, na kwa mwongozo ule ningeweza kusubiri. Nimejaribu kuusafisha ule mwanya kwa uzi na kwa mswaki mdogo miezi mitatu mfululizo. Daktari alipouangalia alitoa uchafu bado. Kwa hiyo nimeomba siku mwezi wa nane, shule zikifungwa, kwa ganzi, la chini peke yake. La juu upande huo limetoka wima na linasafishika. Hilo linabaki.